Chumvi ya Wajir: Historia ya Kitu Kiitwacho Ioni

Wakati wa jilaal, kiangazi kile kinachowamaliza nguvu watu na mifugo kabla ya mvua za gu, mchungaji akifika kwenye kisima asichokijua hateki maji na kuwamwagia ngamia papo hapo. Huchovya kidole kwenye ndoo, akaweka tone ulimini, akanyamaza kidogo. Kisha hutoa hukumu: haya ni ya watu, haya ni ya ngamia, haya hayafai. Mjini Wajir, ambako visima vimechimbwa kwenye mawe ya chokaa na maji hayako mbali chini, visima viwili vinaweza kuwa majirani na bado maji ya kimoja yakachemshiwa chai na ya kingine yakaachiwa mifugo. Hukumu hiyo ya ulimi imeamua mahali pa kupiga kambi na njia za kuhama, na mara nyingi imezua ugomvi kati ya ukoo na ukoo.

Kinachoonjwa hapo ni ioni. Katika kila atomi kuna kiini chenye protoni, ambazo chaji yake ni chanya, na kukizunguka kiini hicho kuna elektroni, ambazo chaji yake ni hasi. Zikilingana kwa idadi, atomi haielemei upande wowote. Sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, lakini ile elektroni ya kumi na moja imekaa peke yake nje ya wenzake na imeshikwa kwa nguvu hafifu. Klorini ina 17, na imebakiza nafasi moja tu ili tabaka lake la nje lijae. Zikikutana, sodiamu huiachia elektroni yake na klorini huipokea. Kuanzia hapo sodiamu ina chanya 11 na hasi 10. Klorini ina chanya 17 na hasi 18. Viini havikuguswa. Ni elektroni moja tu iliyohama, na kwa kuhama huko metali inayolipuka ikiguswa na maji, pamoja na gesi ya sumu iliyotumiwa kuua askari mwaka 1915, vimekuwa chumvi ya kutia kwenye mchuzi. Ioni ya sodiamu ikifika ulimini hupenya kwenye vijitundu vya seli za kuonjea, na chaji iliyoibeba ndiyo inayoupelekea ubongo habari.

Nchi iliyokuwa sehemu ya Northern Frontier District (NFD), kisha Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na tangu 2013 kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ndiyo sehemu ya Kenya ambako habari hiyo ina uzito kuliko yote. Hata majina ya mahali yanazungumza maji na ukosefu wake. El Wak ni visima vya Waaq, jina la Mungu la tangu kabla Uislamu haujaenea kwa Wakushi wa huko. Habaswein ni vumbi kuu. Masimulizi ya Wasomali na Waborana husema kwamba visima vya kale vya Wajir na El Wak vilichimbwa na Wamadinle, watu wa miraba minne waliotangulia wote, walioweza kupasua mwamba kwa nguvu zao. Mimi husikiliza masimulizi hayo kwa heshima. Aliyechagua pa kuchimba, awe jitu au mtu wa kawaida, alikuwa anajua kwamba maji kupatikana ni jambo moja na kunyweka ni jambo jingine.

Lakini ujuzi wa ulimi haukutosha kueleza chumvi ni nini. Maelezo yalikuja kwa njia ndefu, na njia hiyo ilianza na kitu ambacho mzee yeyote wa Garissa amewahi kukishika: punje za kaharabu kwenye tasbihi. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa jiwe. Ukiisugua kwenye nguo kavu, siku isiyo na unyevu, huvuta vipande vya nyasi na nyuzi. Wagiriki waliliona jambo hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na jina lao la kaharabu, elektron, ndilo lililozaa neno elektroni. Waajemi waliiita kahruba, yaani mnyang'anyi wa majani makavu, na Waarabu wakalichukua jina hilo hadi wakauita umeme wote kwa jina la kaharabu. Sisi tumebaki na jiwe tu katika neno letu, ila asili yake ni hiyohiyo. Kusugua huhamisha chaji kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na hicho ndicho kitendo kinachoizaa ioni, ingawa ilichukua karne nyingi watu kukitambua.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga sahani za zinki na fedha kwa zamu, akatenganisha kila jozi kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, akapata umeme unaotiririka bila kukoma. Mwaka huohuo Waingereza William Nicholson na Anthony Carlisle waliuingiza umeme wa namna hiyo ndani ya maji, na kwenye waya mmoja yakatoka mapovu ya haidrojeni, kwenye wa pili oksijeni. Humphry Davy alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1807 alipitisha umeme kwenye potashi iliyoyeyushwa, kisha kwenye soda kali, akaona metali ziking'aa ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuziona: potasiamu na sodiamu. Vitu hivyo vilikuwa ndani ya majivu ya kuni na magadi tangu mwanzo wa dunia, vimejificha kwa sababu vilikuwa vimepoteza elektroni. Davy alivirudishia.

Msaidizi wake, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye hakupata shule ya maana, ndiye aliyefanya hesabu. Aliona kwamba kiasi cha dutu kinachotengana hulingana daima na kiasi cha umeme uliopita, bila kubahatisha. Alipotaka majina alimwandikia msomi William Whewell wa Cambridge, na mwaka 1834 yakatoka maneno tunayoyatumia hadi leo. Whewell aliyatoa kwenye Kigiriki. Anodi ni njia ya kupanda, kathodi ni njia ya kushuka, na ioni ni kile kinachokwenda. Mwendaji, basi. Nimelipenda jina hilo tangu nilipolijua, maana katika nchi ya wahamaji hakuna haja ya kulieleza mara mbili.

Ila Faraday alidhani umeme ndio unaozirarua molekuli. Kwake yeye, kabla ya waya kutiwa majini hakukuwa na waendaji wowote; chumvi ilikuwa imetulia mle majini ikiwa nzima. Wazo hilo lilidumu kwa nusu karne. Aliyelipindua alikuwa kijana wa Sweden, Svante Arrhenius, aliyewasilisha tasnifu yake Uppsala mwaka 1884. Alisema kwamba chumvi ikishaingia majini hutengana yenyewe kuwa ioni, umeme uwepo usiwepo. Walimu wake hawakuamini. Waliuliza: ikiwa sodiamu na klorini zimetengana ndani ya bilauri, mbona maji hayawaki moto wala hayanuki gesi? Walimpa alama ya chini iliyokaribia kumfungia mlango wa kazi ya chuo. Hawakuwa wamefahamu kwamba atomi iliyopoteza elektroni moja ni kitu kingine kabisa kitabia na ile iliyo kamili. Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, walimuunga mkono. Ushahidi uliotia nguvu ulikuwa wa kushangaza kwa wepesi wake: gramu chache za chumvi hushusha kiwango cha maji kuganda karibu mara mbili kuliko inavyotarajiwa kwa idadi ya chembe zake, kama vile kila chembe imekuwa mbili. Na kweli imekuwa mbili. Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa nadharia ileile iliyomletea alama ya chini.

Mwaka 1897 J. J. Thomson aliitambua elektroni, ile chembe ndogo inayohama, na mwaka 1913 Lawrence Bragg, kwa kutumia eksirei, alionyesha kwamba hata punje kavu ya chumvi haina molekuli ndani yake. Ni ioni za sodiamu na za klorini zilizopangwa kwa zamu kama matofali ya rangi mbili. Maji yanachofanya ni kuzibandua. Molekuli ya maji imepinda, upande wa oksijeni una uhasi kidogo na upande wa haidrojeni una uchanya kidogo, kwa hiyo molekuli nyingi huizunguka kila ioni, kila moja ikiigeuzia upande unaoivuta. Ioni iliyozungukwa hivyo haiwezi tena kuivuta jirani yake kwa nguvu za mwanzo.

Hapa ndipo narudi Wajir, maana jambo la molekuli iliyopinda ndilo linaloeleza nchi nzima. Ioni ikishakumbatiwa na maji haiwezi kuruka hewani. Maji yanapokauka, molekuli za maji peke yake ndizo zinazopanda. Kaskazini Mashariki hupata mvua ya milimita 200 hadi 400 kwa mwaka katika sehemu kubwa yake, huku jua likiwa na uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000. Kila mvua huosha ioni kidogo kutoka kwenye udongo na mawe, na kila kiangazi huondoa maji na kuziacha. Miaka elfu nyingi ya hesabu hiyo, na ardhi inajaa. Wajir kuna chokaa, ambayo huachia ioni za kalsiamu na bikaboneti, na kuna jasi, ambayo huachia kalsiamu na salfeti. Salfeti ni mfano mzuri wa molekuli nzima kuwa ioni: salfa moja na oksijeni nne zimeshikamana, na kwa pamoja zimebeba elektroni mbili za ziada. Ikizidi majini, hasa ikiwa na magnesiamu, humharisha mgeni. Mwenyeji tumbo lake limezoea.

Maji mepesi ya mvua hukaa juu ya maji mazito ya chumvi. Ndiyo maana mchota maji mwenye busara hakikombi kisima hadi chini: akipunguza sana tabaka la juu, chumvi hupanda. Na kwa kuwa maji ya Wajir yako karibu na uso wa ardhi, vyoo vya shimo havikufaa mjini, watu wakaishi miaka mingi na vyoo vya ndoo. Uchafu ukiingia ardhini huleta ioni nyingine, ya nitreti, na hiyo ulimi hauionji. Hilo ni jambo la kuhuzunisha: kipimo kile cha kidole, chenye hekima ya vizazi, hakina msaada kwa hatari iliyokuja na wingi wa watu mjini.

Kusini kidogo mambo ni tofauti. Mto Ewaso Ng'iro hushuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita Isiolo, na badala ya kufika baharini hupotea katika kinamasi cha Lorian karibu na Habaswein. Maji yake yamekuwa yakizama mchangani kwa maelfu ya miaka. Chini kuna hifadhi kubwa iitwayo Merti, na katikati yake umelala ukanda mrefu wa maji matamu unaokwenda Habaswein, Dadaab, Liboi, hadi ndani ya Somalia. Toka nje ya ukanda huo, kaskazini au kusini, ukachimbe: utapata maji, na utayatema. Watafiti wawili wa shirika la jiolojia la Marekani, Swarzenski na Mundorff, walichapisha mwaka 1977 uchunguzi wao wa maji ya chini ya ardhi ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Uchunguzi wa namna hiyo, ukiuangalia vizuri, ni uchunguzi wa ioni, kwa sababu suala kubwa halikuwa tu maji yako wapi. Lilikuwa ni chumvi inaanzia wapi.

Chombo cha kazi hiyo kina historia yake. Mjerumani Friedrich Kohlrausch, katika miaka ya 1870, aligundua namna ya kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme bila kuyaharibu. Ukitumia umeme wa upande mmoja, ioni hukusanyika kwenye metali na kipimo hupotoka. Yeye alitumia umeme unaogeuka upande mara nyingi kwa sekunde, hivyo ioni husukumwa huku zikirudishwa kule, hazifiki popote. Leo fundi wa visima anayefika kijijini na gari la vumbi huchovya kifimbo cha mita kwenye maji ya kwanza yanayotoka na kusoma namba ya maikrosiemens. Maji yasiyo na ioni hayapitishi umeme karibu kabisa. Katika molekuli zaidi ya milioni 500 za maji safi, ni moja tu iliyovunjika kuwa ioni kwa wakati wowote. Kwa hiyo karibu namba yote anayoisoma fundi ni chumvi iliyoyeyuka. Anafanya kwa mita kile mchungaji anachofanya kwa kidole, na kwa maji ya Wajir au Liboi, mara nyingi wawili hao wanakubaliana.

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilipovunjika, watu walivuka mpaka kwa miguu, na kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikasimama Dadaab, juu ya ukanda ule wa maji matamu. Wakati wa njaa ya 2011 idadi ya watu kambini ilipita 400,000, na Dadaab ikawa moja ya makazi makubwa ya watu katika Kenya. Wote walikunywa kutoka Merti. Bila maji hayo kambi za ukubwa huo zisingewezekana hapo. Na hofu ya wataalamu tangu siku za mwanzo imekuwa ileile ya mchota maji wa Wajir: ukivuta kwa nguvu katikati, chumvi ya pembeni husogea.

Dadaab inanikumbusha pia upande wa pili wa ioni, ule wa kuokoa. Mwishoni mwa 2015 kipindupindu kilizuka kambini. Mgonjwa wa kipindupindu hafi kwa sumu ya kijidudu moja kwa moja. Hufa kwa sababu maji na ioni za mwili wake humwagika kwa saa chache, na mishipa ya fahamu na moyo hufanya kazi kwa ioni za sodiamu na potasiamu kuvuka kuta za seli. Ukimpa maji matupu hayashiki. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo hupokea sukari na ioni ya sodiamu kwa pamoja, mlango mmoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake, na maji huzifuata. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi hadi Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mshipa, akawanywesha wagonjwa chumvi na sukari zilizokorogwa kwenye mapipa. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, inayotolewa leo katika zahanati ya Hagadera au Fafi ni mtoto wa kambi ile ya wakimbizi: gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu, kwa lita moja ya maji. Ni chumvi, ndiyo, ila chumvi iliyohesabiwa.

Mji wa Garissa wenyewe hauishi kwa visima. Unaishi kwa Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, wenye maji matamu na machafu. Rangi yake ya chai ya maziwa ni udongo wa nyanda za juu. Chembe za udongo huo ni ndogo mno na zote zina chaji hasi usoni, kwa hiyo zinafukuzana, hazishikani, hazizami. Waweza kuyaacha maji kwenye mtungi usiku kucha na asubuhi ukayakuta vilevile. Dawa ni shabu. Bibi zetu waliijua kwa jino linalouma na kwa kinyozi. Mitambo ya kusafisha maji huitumia kwa tani. Ndani ya shabu kuna alumini iliyopoteza elektroni tatu. Hans Schulze mwaka 1882 na William Hardy mwaka 1900 walionyesha kwamba uwezo wa ioni wa kuzigandisha chembe hupanda kwa kasi kubwa mno kadiri chaji yake inavyoongezeka: ioni ya chaji tatu hufanya kazi ambayo ya chaji moja ingehitaji mamia ya wenzake. Ioni hizo zikiingia Tana, uhasi wa udongo hufutwa, chembe hushikana, mashapo huzama. Mbegu za mlonge hufanya kazi inayofanana, kwa sababu protini yake ina chaji chanya. Samia Al Azharia Jahn alilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi Sudan, akianzia kwa akina mama waliokuwa wakiyasafisha maji ya Nile kwa mbegu na udongo wao wenyewe.

Mpaka hapa nimesema habari za chini. Juu kuna hadithi nyingine, na jua ndilo linaloziunganisha.

Mwishoni mwa 1901 Guglielmo Marconi alipeleka ishara ya redio kutoka Uingereza hadi Newfoundland, na wenye hesabu wakashangaa: mawimbi huenda moja kwa moja, dunia ni mviringo, yamewezaje kupinda? Mwaka 1902 Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mtu kwao, walisema lazima kuna tabaka linalopitisha umeme huko juu linaloyarudisha. Miaka kumi baadaye, Agosti 1912, Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 na kukuta hewa ina ioni nyingi kuliko ya ardhini. Alikuwa ameigundua mionzi kutoka anga za mbali. Mwaka 1924 Edward Appleton alipima umbali wa tabaka lenyewe kwa kutumia kituo cha utangazaji cha BBC. Miale mikali ya jua hupiga oksijeni na nitrojeni kule juu na kuzing'oa elektroni. Huku chini atomi hupeana elektroni kwa hiari, kule hunyang'anywa. Kati ya kilomita 60 na 90 ioni hizo hudumu mchana tu, na hapo hunyonya mawimbi ya redio. Jua likizama, elektroni hurudi kwa wenyewe na tabaka hilo hutoweka, lakini lile la juu zaidi, kilomita 200 na kupanda, hubaki. Mawimbi hufika kwake bila kunyonywa, hugonga, hurudi ardhini mamia ya kilomita mbali.

Ndiyo maana redio ya Kaskazini Mashariki ilikuwa redio ya jioni. Nchi hiyo haikuwa na minara ya karibu. Ilikuwa na anga. Radio Mogadishu ilianza 1951. BBC ilianzisha idhaa za Kiswahili na Kisomali mwaka 1957, na wanaume walikusanyika kwenye redio moja ya betri baada ya sala, kimya, kama watu wanaosubiri hukumu. Tume iliyopita NFD mwaka 1962 kuuliza maoni ya watu ilikuta wengi wa Wasomali wakitaka kuungana na Somalia. Hali ya hatari ikatangazwa Desemba 1963, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaanza. Radio Mogadishu ilikuwa na matangazo ya Kiswahili yaliyolenga Kenya, nayo yalipita juu ya vizuizi vyote vya barabarani. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Kenneth Kaunda, yalizitaka pande zote mbili ziache propaganda za uadui redioni. Wazee waliokuwa watoto wakati ule bado hukumbuka jinsi sauti ilivyokuwa ikivimba na kunywea, ikija na kuondoka. Lile lilikuwa tabaka la ioni likisogea juu ya vichwa vyao.

Anga la ikweta lina vurugu zake. Mstari wa ikweta ya sumaku unapita Ethiopia, kaskazini mwa Mandera, na hapo umeme na sumaku huzinyanyua ioni juu sana, kisha zikamiminika pande mbili, kusini na kaskazini. Baada ya magharibi hutokea mapovu makubwa katika tabaka hilo, yanayotikisa redio na siku hizi hata vipimo vya GPS. Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio walijenga jukwaa la San Marco baharini mbele ya Ngomeni, pwani ya Kenya, na Aprili 1967 wakarusha kutoka hapo setilaiti ya San Marco 2 kuchunguza anga la ikweta. Jukwaa hilo limesimama katika Ghuba ya Ungwana, ghuba ileile ambamo Tana humwaga udongo wake wa rangi ya chai baada ya kupita Garissa.

Tarehe 13 Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua nje ya mji wa Garissa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliotandazwa kwenye hekta 85 na paneli zaidi ya 200,000. Watu husema paneli zinakusanya joto. Hapana, zinatumia ioni zisizokwenda popote. Silikoni ya paneli imetiwa fosforasi upande mmoja na boroni upande wa pili. Karibu na mpaka wao, fosforasi imeachia elektroni ikawa ioni chanya, boroni imepokea ikawa ioni hasi, na zote zimefungwa ndani ya jiwe, haziwezi kusogea hata unywele mmoja. Safu hizo mbili hutengeneza mteremko wa umeme. Mwanga ukiing'oa elektroni kwenye silikoni, mteremko huo huisukuma upande mmoja tu, na ndiyo sababu waya unapata mkondo. Whewell aliziita ioni waendaji. Hizi za Garissa zitasimama palepale miaka yote ya uhai wa paneli, zikiwaendesha wengine.

Teknolojia hiyohiyo, kwa paneli chache, sasa inaendesha pampu za visima virefu vingi katika kaunti hizi, pale ilipokuwa jenereta ya dizeli. Saa sita mchana jua likiwa utosini, pampu hutoa maji kwa nguvu zake zote. Saa hiyohiyo, kilomita 60 na zaidi juu, jua lilelile linazing'oa elektroni kwenye oksijeni, na redio ya mawimbi mafupi inakoroma tu. Maji yanaporuka kutoka bombani na kudondoka nje ya birika, hayadumu nusu saa. Yanaacha ukoko mweupe kwenye saruji, na mbuzi wanakuja kuulamba.